Warsha ya kukata maua ya karatasi ya Kichina: mwongozo kamili wa kuiandaa na kuiendesha

Warsha nyingi za kukata karatasi kwa mtindo wa Kichina huendeshwa hivi: kila mshiriki anagawiwa karatasi nyekundu iliyokwisha kuchapishwa picha ya joka, anafuata mstari kwa mkasi, anapigwa picha, anakwenda zake. Mpe mtu huyohuyo karatasi tupu wiki inayofuata, hajui aanzie wapi. Kilichofundishwa hapo ni kufuata mstari, na hilo kila aliyepita chekechea analijua.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Tunaanza na mikato miwili, kisha mikunjo, kisha picha, na mchoro uliochapishwa hauingii mezani hata kidogo. Umekusudiwa kikundi cha watu kumi hadi kumi na watano, watu wazima na vijana, kwa muda wa saa tatu.

Kwa nini karatasi

China ina kazi za mikono za jadi zisizohesabika, na nyingi zinaweza kufundishwa kwenye ukumbi wa mtaa. Tiara za Weifang, mkoani Shandong, zina sifa kubwa, ila asubuhi nzima itaishia kwenye kupasua na kukwangua mianzi. Sanamu ndogo za unga uliofinyangwa hupendwa sana na watoto, na hupasuka zikikauka vibaya. Mafundo ya kamba nyekundu ni mazuri, lakini kosa la mwanzo huonekana mwishoni kabisa, na dawa yake ni kufumua fundo lote. Karatasi inasamehe. Ukiharibu, unachukua nyingine, na hasara ni ndogo mno.

Jua unachokifundisha kabla ya kununua chochote

Katika makaburi ya Astana, karibu na mji wa Turpan huko Xinjiang, wachimbaji wa mambo ya kale walipata maua ya mviringo yaliyokatwa kwenye karatasi iliyokunjwa, ya zama za Enzi za Kaskazini (386–581). Yaani mkunjo utakaoufundisha umeshatumika kwa takriban miaka elfu moja na mia nne, na bado ndio mlango rahisi kuliko yote. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza sanaa hii katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sanaa ni moja, mitindo ni mingi. Yuxian, mkoani Hebei, hawatumii mkasi: wanachonga kwa visu vidogo rundo la karatasi nyembamba juu ya ubao wa nta, kisha wanadondoshea rangi iliyochanganywa na pombe kali ili ipenye tabaka zote. Foshan, kule Guangdong, wana kazi za karatasi ya metali zinazong'aa. Yangzhou wanasifiwa kwa mistari myembamba kama unywele. Kaskazini mwa Shaanxi, kwenye vilima vya udongo wa manjano, wanawake wa vijijini hukata kwa mkasi wa kawaida wa nyumbani, rangi moja, maumbo manene yenye nguvu, mara nyingi bila kuchora kwanza. Kwa warsha ya wanaoanza nashauri mtindo wa Shaanxi, bila kusita. Visu vya Yuxian mwachie fundi.

Wenye nyumba za kuchimbwa kwenye vilima hivyo walikuwa na madirisha ya fremu za mbao zenye vyumba vidogovidogo, yaliyobandikwa karatasi nyeupe badala ya kioo. Mwaka mzima karatasi ile ilipata moshi na vumbi. Kabla ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, ambao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, ilibanduliwa, ikabandikwa mpya, na juu yake yakawekwa maua mekundu. Mchana mwanga uliyapenya kuelekea ndani, usiku taa ikayaonyesha kwa wapita njia. Maua mengine yalikatwa kwa ajili ya harusi, mengine yakawekwa juu ya zawadi na sadaka, na mengine yalikuwa vielelezo vya kudarizi viatu vya watoto. Hii ndiyo sababu ninasisitiza warsha imalizikie kwenye kubandika. Ua lililokatwa likaachwa ndani ya bahasha halijamaliza kazi yake.

Mtu mmoja wa kumtaja kwa washiriki ni Ku Shulan (1920–2004), mwanamke wa kijijini katika wilaya ya Xunyi, Shaanxi. Alikata huku akiimba, akabandika vipande vya rangi juu ya rangi hadi akapata picha kubwa zenye kufunika ukuta. Onyesha picha za kazi zake mwanzoni. Atakayekuwa anaamini kwamba karatasi ya Kichina lazima iwe nyekundu peke yake ataanza kufikiri upya.

Tahadhari moja kuhusu rangi: mikato ya karatasi nyeupe huhusishwa na misiba. Usiigawe kwa ajili ya alama za harusi, hata kama nyekundu imekuishia.

Mwalimu

Mkiwa jirani na chuo chenye Taasisi ya Confucius, yaani kituo cha kufundishia lugha na utamaduni wa Kichina, anzieni hapo. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza mwaka 2005 na ndiyo ya kwanza Afrika. Tanzania ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Walimu wao wa lugha wengi wamejifunza kukata karatasi angalau kwa kiwango cha shuleni. Lakini usimfuate mhandisi wa barabara ukamwomba afundishe kwa kuwa tu ni Mchina. Ni sawa na kumtaka kila Mtanzania akuchongee kinyago cha Kimakonde. Mwulize mwalimu mapema swali moja: "Unaweza kukata bila mchoro?" Akisema hawezi, bado anafaa kuelezea maana za picha, na mikato mtaifundisha wenyewe baada ya kujizoeza.

Mlipeni. Hata akisema anakuja kwa urafiki, nauli na chakula cha mchana visimtoke mfukoni.

Vifaa

Karatasi kwanza. Manila ni nene mno. Ikikunjwa mara tatu mkasi unakataa. Krepu inanyumbuka, na meno utakayoyakata yatapinda. Karatasi ya A4 ya rangi ya gramu 80 inakubalika, ingawa vidole vitachoka. Ukipata nyepesi zaidi, ya gramu 60 au 70, chukua hiyo. Chagua iliyopakwa rangi pande zote mbili. Piga hesabu ya karatasi nane kwa kila mshiriki, kwa sababu kuharibu ni sehemu ya somo.

Ili kupata mraba kutoka A4, peleka ukingo mfupi ulale juu ya ukingo mrefu, upate pembetatu, kisha kata kipande kinachobaki pembeni. Mraba utakuwa wa sentimita 21, na kile kipande chembamba usikitupe: ndicho cha mazoezi ya mikato.

Mikasi: kila mtu na wake, na mingine mitatu ya akiba. Unautafuta mkasi wenye ncha kali, mfupi, unaokata hadi nchani kabisa. Ujaribu dukani kwa kukata karatasi kwa ncha peke yake; ukiitafuna karatasi badala ya kuikata, urudishe. Waulize washiriki mapema nani anatumia mkono wa kushoto. Mkasi wa kawaida katika mkono wa kushoto huikunja karatasi badala ya kuikata, na mtu huyo atadhani ni uzembe wake mwenyewe.

Vingine ni meza, taa au dirisha kubwa, gundi, magazeti ya zamani, na ndoo ya taka moja kwa kila watu wanne. Feni zizimwe. Hili wengi hulisahau hadi maua yanapoanza kuruka.

Mkato wa kwanza: hilali

Tenga dakika ishirini kwa mkato huu, na usione aibu kwamba ni muda mrefu kwa jambo dogo.

Waambie wakunje kile kipande chembamba mara moja. Wakishikilia upande wa mkunjo, mkasi uingie mkunjoni kwa mshazari, upande kwa upinde, ukomee kwenye kilele. Sasa warudi kwa upinde wa pili unaoufuata ule wa kwanza kwa karibu, hadi mkunjoni tena. Kitakachodondoka ni kipande chembamba kilichopinda kama mwezi mchanga. Ukifungua karatasi, zipo hilali mbili zinazotazamana, kama pembe za ng'ombe au petali mbili.

Makosa yataonekana hapo hapo. La kwanza ni kuuzungusha mkasi. Mkono wa mkasi utulie, kiwiko kikae karibu na ubavu, na karatasi ndiyo izunguke katika mkono wa pili. La pili ni kukata kwa ncha kila wakati. Kazi ifanywe na koo la mkasi, pale vyuma vinapokutana kwa ndani, na ncha ije kumalizia tu. Pita nyuma ya kila mtu uangalie viwiko, usiangalie maua. Mwenye kiwiko kilichonyanyuka juu atachoka kabla ya nusu ya warsha.

Mkato wa pili: meno ya msumeno

Huu ndio unaofanya manyoya yawe manyoya, na pezi la samaki liwe pezi. Hauwezi kuanza hewani; lazima kuwe na uwazi kwanza. Basi kata hilali, kisha kwenye ukingo wake mmoja ingiza mkasi milimita tano hivi, toa, ingiza tena kwa mshazari kidogo ukutane na mkato wa kwanza. Chembe ya karatasi inadondoka na jino moja limepatikana. Endelea. Meno ya katikati yawe marefu, ya pembeni yafupike polepole, la sivyo safu itafanana na kitana.

Mtu akikuambia ameshaweza, mpe kipande kingine akate meno kumi na tano mfululizo. Hapo ndipo mkono unapoanza kujua wenyewe bila kuambiwa.

Ua la mviringo

Chukueni mraba. Kunjeni kona kwa kona mpate pembetatu, mkunje tena kwa nusu, mkunje tena kwa nusu. Sasa mna kabari yenye tabaka nane. Pembe nyembamba ambapo mikunjo yote inakutana ndiyo kitovu cha ua. Ukingo ulio mkabala nayo ndio nje. Kila mtu aweke alama ya penseli kwenye kitovu, kwa kuwa nusu ya darasa itakisahau kilipo na kukata upande usio wake.

Kwanza zungusha ukingo wa nje uwe upinde, au upinde wenye mabonde. Kisha hilali kwenye mkunjo mmoja, hilali kwenye mkunjo wa pili, na meno ndani ya mojawapo. Mwisho nyofoa kidogo sana kwenye kitovu. Jambo la kuchunga ni hili: mkato unaotoka mkunjo wa kushoto usikutane na unaotoka mkunjo wa kulia. Vikikutana, ua linakatika katikati na utabaki na sahani mkononi na pete mezani.

Kuna utaratibu ambao mafundi wa China huufuata na unaokoa karatasi nyingi: ndani kabla ya nje, vidogo kabla ya vikubwa. Ukianza kwa kumega vikubwa, karatasi inalegea, na vile vidogo havishikiki tena. Kwa ua la kwanza nawaruhusu wazungushe nje mapema ili waone umbo. Kuanzia la pili, utaratibu huu ushikwe.

Usiwaharakishe wakati wa kufungua. Wafungue mkunjo mmoja mmoja, kwa kucha, kuanzia nje. Kelele zitakazosikika ukumbini hapo zinatosha kuwa mapumziko ya chai.

Kwa walio wepesi kuna ua la petali sita. Kunja mraba upate pembetatu, tafuta katikati ya upande mrefu, kisha kunja kona ya kulia na ya kushoto kuanzia hapo katikati, zipishane, hadi pembe iliyo hapo igawanyike sehemu tatu sawa. Ukikunja tena kwa nusu utapata tabaka kumi na mbili, na hapo karatasi ya gramu 80 itawashinda wengi. Waache na karatasi nyepesi.

Furaha maradufu

Alama ya 囍, yaani herufi ya furaha iliyoandikwa mara mbili, hubandikwa kwenye milango, vioo na masanduku ya harusi, na watu wataiomba kabla hujaitaja. Inakatwa kwa mikunjo miwili tu. Kunja karatasi kushoto kwa kulia, kisha kushoto kwa kulia tena, upate ukanda mrefu. Ukanda una pande mbili zisizofanana: mmoja una mikunjo pekee, tuuite mgongo, mwingine una mkunjo mmoja pamoja na kingo huru, tuuite mpaka.

Vyumba viwili vya mraba, kimoja katikati na kimoja chini, vinakatwa kutoka mgongoni. Nafasi zinazotenganisha mistari ya kulala zinakatwa kutoka mpakani. Juu kabisa, mega kona ya mpakani ubakishe shina jembamba upande wa mgongo. Angalau mistari miwili ya kulala lazima ifike hadi mpakani bila kukatwa. Hiyo ndiyo mikono inayozishika herufi mbili pamoja. Aliyeikata yote atafungua na kupata bwana na bibi harusi waliokwisha kuachana. Andaa mfano mkubwa wa gazeti uliokatwa nusu, upite mikononi mwao; maelezo ya mdomo peke yake hayatoshi hapa.

Picha bila mchoro

Dakika arobaini za mwisho ni za mtu na karatasi yake. Napendekeza mtoto wa Shaanxi mwenye vishungi viwili kichwani, *zhuaji wawa*. Anasimama wima, miguu imetanuka, mikono imeinuliwa, mara nyingine ameshika kuku kila upande. Kaskazini mwa Shaanxi hubandikwa kukinga nyumba na mabaya, na hutumika pia katika kuiita roho ya mtoto anayeugua. Kwa mwanafunzi faida yake ni kwamba pande zake mbili zinafanana: mkunjo mmoja, nusu ya mtu, basi.

Hapa eleza njia mbili za kuonyesha mstari. Katika ya kwanza unaondoa karatasi yote na kubakisha mstari wenyewe. Kila mstari lazima uguse mwenzake, la sivyo picha inasambaratika. Katika ya pili unakata mstari wenyewe na karatasi inabaki kuwa mwili. Hapa mistari haipaswi kugusana. Uso uliokatwa kwa njia ya kwanza huwa mweupe na mwepesi, nguo iliyokatwa kwa njia ya pili huwa nzito. Kazi nzuri huchanganya zote mbili.

Watu wazima wataomba penseli. Watoto hawaombi. Msimamo wangu ni huu: penseli iruhusiwe kwa umbo la nje tu. Mapambo ya ndani, yaani hilali na meno, yaamuliwe na mkasi. Mwenye kuchora kila kitu kwanza anarudi kule kule kwenye kufuata mstari.

Watoto walio chini ya miaka minane wapewe kipindi chao, dakika arobaini na tano, mikasi yenye ncha butu na ua la mviringo peke yake. Kuwachanganya na watu wazima kunawachosha wote.

Kunyoosha na kubandika

Laza ua kati ya karatasi mbili safi, weka kitabu kizito juu yake huku chai ikinywewa. Mwenye haraka atumie pasi ya uvuguvugu isiyo na mvuke. Karatasi nyekundu ikilowa inachujuka na kuchafua kila kitu, kwa hiyo maji yakae mbali.

Gundi ya jadi ni uji wa unga wa ngano. Kijiko kimoja cha chakula kwa nusu kikombe cha maji, koroga juu ya moto mdogo hadi uwe mzito, uache upoe. Dondoa kwa kijiti cha kiberiti kwenye ncha chache tu. Ukipaka ua zima litalegea na kupasuka. Kasoro yake kwetu ni mende, ambao huipenda kuliko sisi. Gundi nyeupe ya dukani, kidogo sana, inafaa badala yake.

Dirisha la kioo halina shida. Lenye wavu wa mbu au vioo vya kupangwa halibandikiki. Hapo bandika ua kwenye karatasi nyeupe nyembamba na uitundike mbele ya mwanga. Jua litaififisha rangi baada ya muda, nalo si tatizo, maana maua haya tangu zamani hubadilishwa kila mwaka.

Lililoharibika lisitupwe. Robo ya ua la mviringo lililokatika hubandikwa kwenye kona ya dirisha au fremu, na Wachina wenyewe wana maua yanayokatwa makusudi kwa ajili ya kona.

Kunakili kwa moshi

Mkiwa na kipindi cha pili, anzeni na hili, nje ya ukumbi. Kabla ya mashine za kunakili, wanawake wa vijijini walihifadhi kielelezo kizuri kwa moshi. Ua la zamani hulowekwa maji na kulazwa juu ya karatasi nyeupe kwenye ubao, kisha ubao unageuzwa na kupitishwa juu ya moto wa taa hadi uso wote uwe mweusi. Likikauka na kubanduliwa, pale lilipokuwa panabaki peupe. Kibatari kinafaa kabisa. Tumia ua la karatasi isiyochuja rangi, uwe na ndoo ya maji karibu, na ubao usitulie mahali pamoja juu ya moto.

Nakala hiyo ya moshi inashonwa kwa uzi juu ya karatasi tatu au nne za rangi ili zisiteleze, kisha zote zinakatwa kwa pamoja. Vielelezo walivihifadhi katikati ya kurasa za kitabu. Andika nyuma ya kila kimoja jina la aliyekikata na tarehe, maana kufikia kipindi cha tatu watu wataanza kugombania nani alibuni samaki yupi.